Kurudia Mbio Ndefu Baada ya Kuumia
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Lindi)



Nimetakiwa niseme juu ya jambo ambalo baadhi yetu twalijua kwa maumivu: mtu aliyezoea mbio ndefu, akaumia goti au kisigino, akapumzika majuma sita au manane, na sasa ataka kurudi. Wasiopata kukimbia kabisa wana dawa yao nyingine. Nasema na yule ambaye kila alfajiri husikia vishindo vya wenzake wakipita barabarani, naye yu kitandani akihesabu siku.

Mtu huyu huponzwa na pumzi zake mwenyewe. Moyo na mapafu hupoteza nguvu upesi, na upesi huzirudia, hasa kwa mtu aliyeogelea au kupanda baiskeli wakati wa mapumziko yake. Kano na mifupa haziendi mwendo huo. Ukano wa kisigino hupata damu chache kuliko msuli, kwa hiyo pale msuli udaipo majuma, wenyewe hudai miezi. Basi mtu hutoka siku ya kwanza na kifua kizima na kisigino kigonjwa, akaenda kilomita kumi, akarudi akicheka; siku ya tatu hawezi kushuka ngazi. Wengi walioacha mbio daima, jeraha la kwanza halikuwashinda; lililowashinda ni la pili.

Twamjua sote John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika mji wa Mexico ulio juu ya bahari kwa mita zipatazo 2,240, aliikimbilia Tanzania mbio za kilomita 42. Alianguka njiani, goti likateguka na bega likaumia. Walioanza walikuwa 75, waliofika 57, naye alikuwa wa 57, goti limefungwa kitambaa, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Habari hii husimuliwa kila mahali, na wasimulizi wengi hukomea hapo. Mimi nastaajabia zaidi yaliyofuata. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, mtu yule yule alikuwa wa tano kwa saa 2, dakika 15 na nukta 5. Baina ya siku hizo mbili kuna miezi ishirini na moja, na hiyo ndiyo ningependa wakimbiaji wetu waitazame. Wala mtu asiichukue jioni ile ya Mexico kuwa kanuni ya mazoezi; aliyekimbilia taifa lake alikuwa na sababu, bali zoezi la Jumanne ni zoezi la Jumanne tu.

Sasa tuje pwani yetu. Wengi wenu mkiumia hukimbilia mchangani, mkidhani mchanga ni godoro. Mchanga mkavu ulio laini hukizamisha kisigino na kuuvuta ukano wake kila hatua, hasa kwa mtu aliyevua viatu alivyovizoea. Ulio mgumu ni ule ulioachwa na maji ya kupwa, lakini huo nao una mteremko: mguu wa upande wa bahari hukanyaga chini kuliko mwenzake. Heri kwenda kwa mstari mmoja na kurudi kwa mstari ule ule, ili miguu igawane mzigo. Tena maji huchelewa kadiri ya dakika hamsini kila siku. Njia uliyoipata leo alfajiri, baada ya siku chache imefunikwa. Na siku za maji mafu ufuko unaoachwa wazi ni mwembamba kuliko wakati wa bamvua. Wavuvi wa Kilwa Kivinje hawahitaji kufundishwa haya, lakini karani aliyehamishwa kutoka bara yampasa kuuliza.

Kipimo nikionacho chema ni hiki. Kwanza utembee kwa haraka nusu saa, siku kadhaa, pasipo maumivu. Kisha ukimbie dakika moja na kutembea mbili, siku moja ukimbie na siku moja upumzike. Ongeza muda kabla ya kuongeza kasi. Hukumu usiipe jioni, wakati mwili ungali moto. Ngoja asubuhi ya pili, hapo unaposhuka kitandani. Uchovu wa misuli ni halali. Maumivu yanayokufanya uchechemee, au uvimbe, au mahali pamoja pa mfupa panapouma ukipabonyeza kidole, hayo ni ya daktari, maana huenda mfupa umeingia ufa, na ufa hausikii ushujaa.

Joto nalo lisisahauliwe. Mwili uliopumzika majuma mengi husahau kulistahimili, nao huhitaji kadiri ya siku kumi hata kumi na nne kujifunza upya. Mwenye kupona wakati wa kaskazi na akimbie alfajiri, tena kidogo. Mwenye kupona wakati wa kusi ana bahati.

Kuhusu mashindano yajayo, nimeulizwa na watatu kama watakuwa tayari. Wawili nimewaambia wangoje. Wa tatu bado hajanionyesha goti lake; na anione hapo mlangoni, maana Bwana Mwenyekiti amekwisha kutazama saa yake mara mbili.