Tuyatunze Macho Tunapofanya Kazi ya Kompyuta

Haya ni mazungumzo ya afisa wa huduma za macho na makarani pamoja na vijana wanaofanya kazi za mtandaoni.



Kuna swali tunaloulizwa sana kliniki: "Daktari, ikifika jioni macho yananiwasha, naona ukungu na kichwa kinauma. Je, kompyuta inanipofusha?" Jibu ni la. Mwangaza wa kompyuta haupofushi. Hata hivyo, macho yaliyochoka huharibu kazi, na baadhi ya dawa tunazokimbilia zina hatari kuliko uchovu wenyewe.

Kwa kawaida mtu hupepesa macho mara 15 hivi kwa dakika. Akiikodolea skrini, huenda asifikishe hata nusu ya hapo. Kila tunapopepesa, kope hutandaza machozi juu ya jicho. Tusipopepesa, jicho hukauka, likawasha na kuwa jekundu. Tena, misuli inayotuwezesha kuona vitu vya karibu hukazwa kwa saa nyingi, kama mtu aliyebeba ndoo ya maji bila kuitua.

Basi tuitue ndoo. Kila baada ya dakika 20, inua macho utazame kitu kilicho umbali wa mita 6 au zaidi kwa sekunde 20. Mti ulio nje ya dirisha unatosha. Pepesa macho kwa makusudi.

Kisha tengeneza mahali pako pa kazi:

- Skrini iwe mbali nawe kadiri ya urefu wa mkono, na ukingo wake wa juu usipite usawa wa macho.
- Dirisha liwe ubavuni, si mbele yako wala nyuma yako.
- Feni isikupige usoni.
- Usiisogelee skrini ili usome, kuza herufi.

Wasimamizi wa ofisi, nanyi mna wajibu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe mahali pa kazi panamfaa mfanyakazi. Karani akiomba kuhamisha meza yake kutoka kwenye mwangaza mkali, hadekezwi.

Sasa nakuja kwenye jambo linalonitia hofu. Wengi wetu macho yakiwasha hununua matone dukani bila kupimwa, au huazima chupa ya jirani. Baadhi ya matone hayo yana steroidi. Wekundu huisha upesi, nawe unadhani umepona. Yakitumiwa kwa muda mrefu bila uangalizi, yanaweza kuongeza presha ndani ya jicho na kuua mshipa wa kuona. Uoni uliopotea hivyo haurudi. Vilevile, usiharakishe kununua miwani ya kuzuia mwanga wa samawati. Utafiti uliopo haujaonyesha kwamba inapunguza uchovu huu.

Ukiwa umefikisha miaka 40 na unasogeza simu mbali ndipo usome, huenda unahitaji miwani ya kusomea. Ikiwa kuna mtu wa familia yenu mwenye presha ya macho, njoo upimwe hata kama huna maumivu, kwa kuwa ugonjwa huo huanza kimyakimya. Jicho likiuma sana au uoni ukipungua ghafla, usingoje kesho. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.