Hotuba Juu ya Mimea ya Shamba na Kubadilika kwa Majira



Sisi tuketio mezani na kalamu tu wakulima bado, kwa kuwa kila mshahara una fungu liendalo nyumbani kununua mbegu. Basi yafaa tuulize mbegu hiyo hupatwa na nini, maadam moshi wa makaa na mafuta ya dunia nzima umezidisha joto, na vuli ya Handeni hukatika katikati.

Twaanza na mhindi. Hata ardhi ikikauka, mhindi hutoa mbelewele karibu na siku zake. Walakini ndevu za gunzi, zitakazo maji mengi ili zirefuke, huchelewa. Nao ungaunga wa mbelewele, katika hewa ya moto, hauishi ila saa chache. Ndevu zitokeapo unga umekwisha kufa, na gunzi hubaki na mapengo kama kinywa cha mzee. Ndiyo sababu shamba lililokuwa kijani muda wote laweza kukosa mavuno kwa ukame wa majuma mawili tu. Na wako wasemao kuwa ni uvivu wa mwenye shamba!

Mtama hukunja majani, husita kukua, na mvua ikirudi huendelea. Muhogo huziba vitundu vya majani, vile vipitishavyo hewa na kupoteza maji, kisha hupukutisha majani yenyewe na kungoja. Baadaye huchipua kwa akiba ya mizizi. Na mkonge, ulioletwa na Dr. Richard Hindorf mwaka 1893 kutoka Florida, nao ukaenea hata Korogwe, hufungua vitundu vyake usiku na kuvifunga mchana.

Huko ni kuvumilia kwa mmea mmoja. Kubadilika kwa mbegu ni jambo lingine, nalo li mikononi mwetu. Wataalamu wa mahindi huko Meksiko walichagua, msimu kwa msimu, mimea ambayo mbelewele na ndevu zake zilitokea karibu pamoja hata katika ukame, wakapata mbegu izaayo zaidi maji yapungukapo. Kwetu mbegu huchaguliwa ghalani kwa ukubwa wa gunzi, wala haijulikani mmea wake ulisimama wapi. Pengine kando ya zizi, penye samadi. Heri ichaguliwe katikati ya shamba, kwa mimea mingi, na kila mmea ufungwe uzi siku ndevu zake zitokeapo. Mbegu chotara za dukani hazimo katika shauri hili, maana zikipandwa tena hupungua nguvu.

Mtama umeachwa na wengi kwa ajili ya ndege, nao watoto waliokuwa wakiamia wako shuleni. Hatuwalaumu wazee, lakini muhogo hauhitaji mwamiaji.

Basi mwanachama aendaye livu kabla ya vuli na atuletee konzi ya mbegu ya kwao, pamoja na karatasi yenye jina la mbegu, na hesabu ya siku tangu kupandwa hata kutoa mbelewele. Katibu atazipokea.