Video ya Biashara Imjibu Mnunuzi

Uwe Nakuru mjini, Njoro, Molo, Subukia, Gilgil, Naivasha au juu kule Mau Narok, kipindi hiki ni chako. Leo nazungumza na wewe mwenye kibanda, duka, salooni, karakana au shamba, unayeambiwa kila siku kwamba siku hizi biashara ni video. Umejaribu mara moja au mbili, ukaona haya, ukaacha. Naamini kilichokurudisha nyuma si uvivu wala umaskini. Ni mambo uliyoaminishwa kuhusu video ambayo si ya kweli, na nataka tuyapitie pamoja.

Nianze na dhana iliyozaa nyingine zote, kwamba video ya biashara ni tangazo la runinga lililopunguzwa ukubwa. Ukishaamini hivyo, utataka kamera kubwa, kijana wa kuigiza, maneno ya mbwembwe, hata droni ya kuonyesha kreta ya Menengai kutoka angani, na droni yenyewe ni lazima isajiliwe na mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA. Gharama inapanda, kazi inaahirishwa hadi mwezi ujao, na mwezi ujao nao una ada ya shule.

Sasa hebu kaa upande wa mnunuzi. Anayenunua kupitia simu hapa kwetu ana hofu moja kubwa kuliko zote: kutapeliwa. Yeye mwenyewe, au dada yake, au jirani yake, aliwahi kutuma pesa kwa M-Pesa na mzigo haukufika. Kwa hiyo anapotazama video yako anatafuta ushahidi. Je, huyu mtu yupo? Bidhaa iko mkononi mwake, au picha ameichukua kwingine? Nikifika hapo mjini nitampata wapi? Video inayojibu maswali hayo inauza, hata kama imeshutiwa kwa simu yenye kioo kilichopasuka.

Tuseme wewe ni mkulima wa viazi Mau Narok, na unamtaka mama anayekaanga chipsi kule Kaptembwo. Anataka kujua nini? Anataka kujua viazi vilichimbwa lini, kwa sababu kama ni aina ya Shangi, anajua kuwa Shangi haikawii kuchipua ikishatoka ardhini. Anataka kuona kama vimegeuka kijani, maana kiazi kilichopigwa na mwanga kikawa kijani huwa kichungu na kina sumu. Anataka kuona ukubwa, kwa kuwa vidogo vinamlia muda wa kumenya. Anataka kujua gunia lina kilo ngapi hasa. Kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia, lakini yeye ameshanunua magunia mengi kwa kukadiria na macho tu. Na mwisho anataka bei, pamoja na usafiri hadi mlangoni pake.

Hayo yote yanaenea katika dakika moja. Simama shambani mahali ambapo watu bado wanachimba. Taja tarehe ya leo kwa mdomo wako. Okota viazi vitano bila kuchagua, ugeuze kimoja kimoja mbele ya simu. Kata kimoja katikati tuone ndani. Pandisha gunia kwenye mizani, usogeze simu hadi namba isomeke. Taja bei, taja siku ambayo lori linashuka mjini, kisha taja namba yako ya simu polepole, mara mbili. Hujacheza dansi, hujapiga kelele, na mama yule ataitazama hadi mwisho kwa sababu kila sehemu inamwondolea shaka fulani.

Kuna wanaoshikilia kwamba bei isitajwe. “Bei njoo inboksi,” wanaandika. Hoja yao naifahamu: washindani wataiona, na mteja akishapiga simu utamshawishi. Lakini mshindani wako wa pale Top Market bei yako anaijua tayari, na asipoijua atamtuma mtu aje kuulizia. Anayeachwa gizani ni mteja, naye ana wauzaji wengine kumi kwenye simu hiyo hiyo. Kuficha bei kunamtia wasiwasi kwamba itapangwa kulingana na sura yake. Kama kazi yako bei yake inategemea vipimo, kama seremala wa Njoro au fundi wa kushona, basi toa mfano wa kazi iliyokwisha: onyesha kabati la milango miwili la mbao za saipresi, sema lilichukua siku ngapi na mteja alilipa ngapi. Mtu atapima mfuko wake kabla ya kukusumbua, na atakayepiga simu atakuwa amekaribia kununua.

Dhana nyingine ni kwamba picha mbaya inatokana na simu ya bei nafuu. Mara nyingi inatokana na saa na mahali uliposimama. Nakuru iko kusini kidogo tu ya ikweta, kwa hiyo mwaka mzima jua la saa sita linatukalia utosini. Linaweka vivuli vizito chini ya nyusi, na mwenye kofia macho hayaonekani kabisa. Shuti kabla ya saa nne asubuhi, au ngoja saa kumi alasiri ipite. Halafu angalia mgongo wako. Wengi husimama mlangoni mwa duka wakiipa barabara mgongo. Simu inapima ule mwanga mkali wa nje, na uso wa mtu, hasa sisi wenye ngozi nyeusi, unazama gizani. Geuka uutazame mlango, na anayekushutia asimame upande wa nje. Kisha aguse uso wako kwenye kioo cha simu ili simu ipime mwanga hapo. Hakuna shilingi iliyotumika, na tofauti yake utaiona papo hapo.

Wenye mitumba na wenye bucha chini ya maturubai, hili ni lenu hasa. Turubai la buluu linamwaga mwanga wa buluu juu ya kila kilicho chini yake. Blauzi ya rangi ya maziwa inatoka kama ya samawati, mteja wa Naivasha anapokea rangi asiyoitarajia, mnagombana, na ukweli ni kwamba hakuna aliyekusudia kudanganya. Nyama nayo inaonekana imekaa siku tatu. Toka nje ya turubai hatua chache, ushuti kwenye kivuli cha ukuta wa kawaida.

Sauti ndiyo watu wanaipuuza zaidi, na kwangu mimi ina uzito kuliko picha. Mtazamaji huvumilia picha yenye ukungu kidogo, lakini maneno yasiposikika anapitisha kidole na kwenda zake. Kelele zetu zinajulikana: makanga kwenye steji, mashine ya kusaga, mvua juu ya mabati, na upepo ule wa alasiri unaoinua vumbi miezi ya Januari na Februari. Usianze kwa kukimbilia duka la vifaa. Sogea kwanza. Simu ikiwa umbali wa mkono mmoja na mdomo wako, sehemu kubwa ya tatizo imeisha. Zile waya za kuvaa masikioni zenye kitufe cha kupokelea simu zina maikrofoni ndogo. Ipitishe ndani ya kola, upepo hautaifikia. Na kabla ya kuposti, isikilize video yako mahali penye kelele, kwa sababu mteja wako ataisikiliza akiwa ndani ya matatu.

Ukishasikika, unasikika kwa lugha gani? Wapo wanaodhani bila Kiingereza biashara haionekani ya maana. Lakini tazama historia: kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, mradi wa kikoloni uliojulikana kwa kifupi kama BEKE ulitengeneza filamu za kufundisha watu kuhusu kilimo, afya na hata kuweka akiba posta. Filamu zikazungushwa kwa lori katika nchi kadhaa, Kenya ikiwemo. Picha hazikubeba sauti. Maelezo yalirekodiwa kwenye santuri, ili filamu ile ile isemwe kwa Kiswahili hapa na kwa lugha nyingine kule. Waliowatengenezea watu filamu zile waliwadharau kwa mengi, lakini hata wao walielewa kwamba picha bila lugha ya mtazamaji haitoshi. Wewe kazi yako ni nyepesi zaidi. Kama unauza chakula cha ng'ombe wa maziwa, eleza kwa Kiswahili, kisha rudia maelezo yale yale kwa Kikalenjin kwa wateja wa Kuresoi na Rongai, na kwa Kikuyu kwa wale wa Bahati. Mzee anayeuliza kuhusu lishe ya ng'ombe wake atamwamini anayemweleza kwa maneno anayotumia yeye mwenyewe zizini.

Kuhusu idadi ya watazamaji nitapita haraka. Salooni ya mtaa wa Section 58 haina haja na laki moja ya watazamaji walioko Mombasa na Kampala, maana hakuna atakayepanda basi kuja kusukwa. Wateja wako wako ndani ya mwendo wa bodaboda. Taja mtaa wako kwa sauti na uuandike. Statasi ya WhatsApp inakaa saa 24 na inaonwa na watu wenye namba yako ambao nawe umehifadhi namba zao, na wengi wao walishawahi kukulipa. Hao, hata wakiwa mia moja tu, ni mtaji. Na uwahurumie bando zao: ukiweza kusema kwa sekunde arubaini, usiseme kwa dakika tatu.

Sasa nifike mahali ambapo dhana potofu inaweza kukufungia biashara. Wengi wanaamini kwamba mtu akishaingia dukani mwangu, mimi naweza kumshuti na kumposti. Mwezi Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ile inayoitwa ODPC, ilitangaza faini ambazo kila mwenye biashara ndogo anafaa kuzijua. Casa Vera Lounge, mahali pa burudani jijini Nairobi, ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mitandaoni bila idhini yake. Roma School, shule iliyoko Uthiru, ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Sheria iliyotumika ni ya mwaka 2019, na inataka mtu akubali waziwazi kabla hujatumia taarifa zake, sura yake ikiwemo, kujipatia biashara.

Utaniambia biashara yako ni ndogo, sheria hiyo ni ya makampuni. Ni kweli kwamba kwa kawaida mwenye mauzo yasiyofika shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 hatakiwi kujisajili na ofisi hiyo, ingawa kuna aina za kazi ambazo hazipati nafuu hiyo. Lakini kusamehewa usajili si kusamehewa sheria. Mteja akilalamika, utaitwa kama mwingine yeyote.

Kwa hiyo uliza, na uulize kabla ya kuwasha simu. “Mama, naomba nirekodi nywele zako zikiisha, nitaweka TikTok na Facebook. Ni sawa?” Akikubali, mrekodi akisema amekubali, na klipu hiyo uihifadhi. Akikataa, huduma yake isipungue hata kidogo. Akikubali leo na kesho akabadili mawazo, itoe. Hiyo ni haki yake. Mtoto hajiidhinishii mwenyewe, mzazi ndiye wa kuulizwa, hata kama mtoto anatabasamu na kunyoosha vidole viwili. Mwanamke aliyekaa kitini nywele nusu zimefumuliwa hakuja kwako awe onyesho la mtaa mzima, na wengi hunyamaza kwa haya huku moyoni wameumia.

Katika hilo hilo, acheni kuposti ujumbe wa M-Pesa wa wateja kama uthibitisho kwamba watu wananunua. Pale pana jina la mtu, pengine na namba yake, na kiasi alichotumia. Kama ni lazima uonyeshe, ziba jina na namba kabisa.

Nimalizie na muziki. Wimbo kuwepo ndani ya TikTok hakumaanishi kwamba umeruhusiwa kuuzia viatu. Nyimbo zile maarufu zimewekwa kwa matumizi ya kawaida ya watu; akaunti ya biashara ina mkusanyiko wake wa muziki ulioruhusiwa kwa matangazo, na huko ndiko uchague. Ukiupenda wimbo wa mwimbaji wa hapa hapa Nakuru, wa injili au wa kidunia, mtafute, mkubaliane malipo, muandikiane. Anafanya biashara kama wewe. Na kazi nyingi hazihitaji wimbo. Cherehani ikishona, mafuta yakipokea chipsi, randa ikipita kwenye ubao, maziwa yakiingia kwenye ndoo: sauti hizo mwenyewe ni wewe, na mteja akizisikia anajua kazi inafanyika kweli.

Wiki ijayo, saa kama hii, tutazungumza kuhusu kumbukumbu za mauzo: nani amelipa, nani amechukua mzigo, nani bado anasubiri. Uwe na daftari na kalamu karibu.