Barua ya Mapenzi, Fedha ya Faini

Wasikilizaji wetu wa Same, kuanzia Hedaru na Makanya hadi Mamba na Gonja milimani, leo tunazungumzia barua za mapenzi zinazotoka gerezani, au zinazodaiwa kutoka huko.

Huanza kwa upole: "Mpenzi, nimesingiziwa. Nikitoka nitakuoa." Baadaye inatajwa faini, na chini ya barua kuna namba ya simu ya "binamu". Mama aliyeuza tangawizi yake anatuma fedha ya msimu mzima.

Ndugu yangu, shika haya. Mfungwa haruhusiwi kuwa na simu gerezani, na barua yake hukaguliwa na askari magereza. Barua iliyopenyezwa kwa siri, inayokusihi usimwambie mtu, itilie shaka. Faini hulipwa Serikalini, mlipaji akapewa stakabadhi. Hailipwi kwenye simu ya mtu. Uliza: gereza gani, mahakama ipi, kesi namba ngapi? Kisha nenda mahakamani ukahakikishe.

Wapo wafungwa wenye mapenzi ya kweli, nao wanastahili faraja. Lakini anayekupenda hatakasirika ukimuuliza.

Umeshatapeliwa? Usione haya. Tunza barua na ujumbe wa muamala, ipigie mara moja kampuni yako ya simu, kisha nenda polisi. Kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu; adhabu yake hufika miaka 7 jela. Na namba ya tapeli itume kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli, asije akamliza na jirani yako.