Safari ya Jangwani Pamoja na Mbwa

Katika jimbo la Arizona, huko Marekani, iko njia ya miguu ianzayo kwenye mpaka wa Mexico ikaishia kwenye mpaka wa Utah. Urefu wake yapata kilometa 1,290, nayo ilikamilika mwaka wa 2011. Baadhi ya wasafiri huishika pamoja na mbwa wao.

Mtu apatwapo na joto hutoka jasho mwili mzima. Mbwa sivyo. Jasho lake hutoka katika nyayo, tena haba. Joto hulipunguza kwa kuhema, ulimi nje. Wala hasemi kwamba amechoka, bali humfuata bwana wake mpaka aanguke. Basi ni juu ya bwana kuamua mapema. Na aweke kiganja juu ya mchanga. Asipoweza kuuvumilia, mbwa naye asitembezwe. Wenye busara huondoka alfajiri, hupumzika kivulini jua likiwa kali, na huchukua maji ya kuwatosha wawili. Nami naona mbwa mwenye manyoya mengi ni heri aachwe nyumbani.

Tena iko mipungate iitwayo cholla, ambayo vipande vyake hunasa nyayoni mwa mbwa. Hung'olewa kwa kitana, si kwa vidole.

Karibu na mwisho liko bonde kuu la Grand Canyon, ambamo mbwa haruhusiwi kushuka. Bwana huvuka kwa miguu, zaidi ya kilometa 30. Mbwa huzungushwa kwa motokaa, mwendo wa kilometa 340 hivi, akamngojee ng'ambo.