Jaji Aliyehangaikia Majalada

Ndugu wanakisomo wa Handeni na Korogwe,

Mwezi uliopita nilimsindikiza mama mmoja, mwanakisomo mwenzenu, kwenda mahakamani. Ana kesi ya shamba. Alitoka kijijini gizani pamoja na shahidi wake, na nauli ya wote wawili amelipa yeye. Tukakaa kwenye benchi mpaka saa saba. Karani akatoka, akasema: jalada halionekani, rudini siku nyingine. Hiyo ilikuwa mara ya nne! Mama akaniuliza, "Mwalimu, hivi kutunza majalada ni kazi ya nani?"

Swali hilo lilinikumbusha Jaji Francis Nyalali.

Nyalali alizaliwa mwaka 1935. Alisoma Makerere, Uganda, kisha akasomea sheria London. Mwaka 1966 alianza kazi ya uhakimu hapa nchini. Mwaka 1974 akawa Jaji wa Mahakama Kuu. Mwaka 1977 Mwalimu Nyerere akamteua kuwa Jaji Mkuu, akiwa na miaka 42 tu.

Basi hapo kazi ikabadilika. Jaji wa kawaida anasikiliza kesi na kuamua. Jaji Mkuu ni kama mwenye nyumba. Mahakimu hawatoshi, karatasi zimekwisha, gari halina mafuta, kesi zimerundikana: yote hayo yanamfuata yeye.

Tena alianza katika wakati mgumu. Mwaka huo huo wa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Mahakama ya Rufani tuliyotumia pamoja na Kenya na Uganda ikafa nayo. Mwaka 1979 Tanzania ikaanzisha Mahakama ya Rufani yake yenyewe, na Nyalali akaiongoza. Hebu fikirini: mtu akishindwa Mahakama ya Mwanzo, anakata rufani Mahakama ya Wilaya, halafu Mahakama Kuu, halafu huko juu. Jalada linaweza kukwama katika kila ngazi.

Wengi wanamkumbuka kwa ile tume ya mwaka 1991 iliyouliza wananchi kama wanataka chama kimoja au vyama vingi. Sawa. Lakini mimi naona kazi yake kubwa ilikuwa hii ya majalada. Zamani kesi moja iliweza kupita mikononi mwa majaji kadhaa, na hakuna aliyeulizwa kwa nini haiishi. Wakati wa Nyalali ukaletwa utaratibu wa kila kesi kupewa jaji au hakimu mmoja, aifuate mpaka mwisho. Ikichelewa, anajulikana wa kuulizwa. Mwaka 1994 zikaja kanuni za kuwapatanisha kwanza wenye kesi za madai, kabla ya kusikilizwa.

Kuchelewa hakukuisha, mama yule ni shahidi wangu. Nyalali alistaafu mwaka 2000, akafariki mwaka 2003. Mwaka 2011 ikatungwa sheria iliyoweka Mtendaji Mkuu wa Mahakama, ashughulikie fedha, majengo na watumishi, ili majaji wapate nafasi ya kuhukumu.

Na mama je? Safari hii alikwenda na daftari lake la kisomo. Ameandika humo namba ya kesi na tarehe zote nne. Karani alipoanza kusema halionekani, mama akamsomea namba, polepole, kwa sauti. Jalada likakutwa katikati ya majalada ya mwaka mwingine. Kesi imepangwa kusikilizwa mwezi ujao. Nitakwenda naye.