Fedha za Masomo na Namna ya Kufundisha

(Maneno yaliyosomwa na wajumbe watatu mbele ya mkutano wa tawi)



Katika mkutano uliopita mlitutuma sisi watatu tuchungue neno moja. Zile fedha za masomo tunazotoa kila mwezi, je, zilipie masomo ya ziada wakati wa likizo kama wazazi wengine walivyoomba, ama zifanye kazi nyingine? Tumekwenda Makueni na Kitui, ambako wengi wetu tuna watoto katika shule za sekondari. Tumeuliza na tumesikia. Wala hatufichi kwamba tulipoondoka hapa wawili kati yetu walikuwa upande wa masomo ya likizo.

Kwanza tuseme habari ya sheria, ili tusipoteze wakati. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza mwanafunzi kulazimishwa kusoma masomo ya likizo. Chama kinachodai sheria ya kazi ifuatwe hakiwezi kutoa fedha zake kwa jambo lililokatazwa. Lakini mtu aweza kusema, sheria ni sheria, mtoto je? Kwa hiyo tukaingia darasani kutazama.

Shule ya kwanza haiko mbali na njia ya reli ya zamani, upande wa Makueni. Hatuitaji jina. Tulikaa nyuma katika somo la fizikia la Kidato cha Kwanza. Mwalimu aliandika ubaoni, kwa Kiingereza, kwamba chuma kikipata moto hutanuka, na ndiyo maana reli huachiwa nafasi katikati. Watoto wakanakili. Kengele ikalia. Tulimwuliza kijana mmoja aliyetujibu vizuri sana, neno kwa neno kama lilivyokuwa ubaoni. Tukamwuliza tena, nafasi hiyo umeiona wapi? Akasema iko katika kitabu. Na kijana huyo huvuka reli kila asubuhi akija shule!

Mwenzetu mmoja ni mtu wa genge la njia. Jambo hili lilimwuma. Aliomba ruhusa ya wakubwa wa kazi, akamwomba na mwalimu, na kesho yake saa kumi na mbili za asubuhi, mlinzi akiwa na bendera nyekundu pande zote mbili, wanafunzi wachache walifika kwenye maungio ya reli. Shilingi moja ilipita katika nafasi bila taabu. Saa nane mchana walirudi pale pale, jua la ukambani likiwaka kama mnavyolijua, na shilingi ile ile ikakataa kuingia. Wale watoto walicheka kwanza, halafu wakaanza kuuliza maswali ambayo mwenzetu hakuyaweza yote: mbona reli haipindi? Na daraja je? Mbona kokoto haitanuki tukaiona? Mwalimu alisimama kando, mwisho akasema pole pole kwamba tangu aajiriwe hajapata kuulizwa maswali mengi hivyo katika siku moja.

Msimlaumu mwalimu huyo. Ana wanafunzi zaidi ya sitini katika chumba kimoja, mizani ni moja, na muhtasari wa masomo lazima umalizike kabla ya mtihani. Nasi tunajua maana ya kuamriwa kazi bila kupewa vyombo vya kazi.

Wala neno hili si jipya katika Makueni. Mwaka 1998 Wizara ya Elimu pamoja na shirika la Japani liitwalo JICA walianzisha mpango wa kuimarisha hisabati na sayansi katika shule za sekondari, ndio ulioitwa SMASSE. Ulianza katika wilaya tisa za majaribio, na Makueni ilikuwa mojawapo. Mwaka 2003 ulianza kuenezwa nchi nzima, Kitui nayo ikaingia. Kabla ya kufundisha mtu yeyote walifanya uchunguzi. Waliona kwamba waalimu husema na kuandika ubaoni, mwanafunzi hunyamaza na kunakili. Kwamba waalimu na wanafunzi pia wamekwisha kuamini kuwa hisabati ni ya wachache. Na kwamba waalimu wa somo moja hawakutani kusaidiana. Tuliposikia la mwisho tulitazamana, maana katika karakana fundi asiyeongea na fundi mwenziwe huharibu kazi.

Dawa yao ilikuwa rahisi kuieleza. Mtoto atende kwa mikono yake, fikira zake ziwe ndizo mwanzo wa somo, majaribio yafanywe hata kama ni madogo, na kifaa kikikosekana kibuniwe kwa vitu vilivyopo. Tena mwalimu apange somo, alifundishe, alitazame lilivyokwenda, kisha alirekebishe. Waalimu waliitwa siku kumi wakati wa likizo, mara nne. Wakufunzi wa taifa waliwafundisha wakufunzi wa wilaya, na hao wakawafundisha waalimu.

Mapato yake? Walimu tuliosema nao walisifu, na wengine walinung'unika. Manung'uniko yenyewe twayajua: waliitwa katika siku zao za mapumziko bila posho ya kuwatosha. Sisi tulio katika chama hatuwezi kuyadharau hayo. Tena maarifa yakipita mikono mitatu hupungua, kama chai inayoongezwa maji. Mwalimu hurudi shuleni na moyo mpya, akakuta watoto sitini na mtihani ule ule, na baada ya mihula miwili amerudi ubaoni.

Watu wa vyuo vikuu nao huja kupima. Huchukua madarasa mawili yanayolingana, moja likafundishwa kwa namna ya zamani na moja kwa namna ya kutenda, wakawapa mtihani mmoja kabla na baada. Ni njia nzuri, lakini yataka uangalifu. Huenda darasa lililoshinda lilikuwa na mwalimu mwenye bidii tu, na yeye angeshinda hata kwa chaki. Hivyo mtu akija na karatasi ya utafiti, mwulizeni kwanza: ni nani aliyefundisha, na kwa muda gani?

Upande wa Kitui tulikuta mwalimu mmoja ambaye hana maabara kamili. Asidi huipima kwa maji ya maua mekundu yaliyopondwa. Somo la maji yaliyo chini ya ardhi alilifundishia mtoni, kwenye bwawa la mchanga ambalo akina mama walilijenga kwa mwethya. Watoto walichimba kwa mikono, wakaona maji yamejificha kati ya chembe za mchanga ambapo jua haliyafikii. Bibi mmoja aliyekuja kuteka akawaeleza mawe ya ukuta ule yalivyobebwa, na mwalimu akamwacha aseme mpaka mwisho. Siku hiyo hata vijana wanaokaa nyuma ya darasa waliandika.

Basi, ndugu, rai yetu ni hii. Masomo ya likizo ni maneno yale yale ya ubaoni yakirudiwa mara ya pili, nasi tukilipa mara ya pili. Twaomba fedha za mwaka huu zinunue vyombo: mizani, vipima joto, nyaya, betri na lenzi, navyo vitiwe katika sanduku moja litakalozunguka katika shule ambazo watoto wa wanachama wanasoma, Makueni muhula mmoja na Kitui muhula unaofuata. Mwalimu wa kila shule atie sahihi kwa kuvipokea na kwa kuvirudisha, kama sisi tunavyotia sahihi kwa spana za karakana.

Tena kila mzazi aliye hapa, akienda mkutano wa wazazi, asiulize alama peke yake. Amwulize mtoto wake mbele ya mwalimu: muhula huu umefanya nini kwa mikono yako?

Mjumbe mmoja kati yetu bado ana shaka juu ya sanduku. Asema litapotea kabla ya kufika Kitui, kwa kuwa reli haifiki huko na litapanda matatu. Tumemwachia nafasi ya kusema kabla ya kura kupigwa.